Goma, Kisangani ao Bukavu: kuchagua chuo kikuu cha serikali ukitokea Masisi na Walikale

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakishatoka, swali linalorudi kwenye simu ya redio ni moja: mtoto amepata diplome ya Eta, sasa tumpeleke wapi? Zamani kidogo watu walijibu bila kufikiri sana. Mtu wa Masisi alimtuma mtoto Goma. Mtu wa Walikale aliangalia nani ana ndugu, Goma ao Kisangani, na pale pakawa chuo. Siku hizi mambo yamechanganyika: barabara zimebadilika, vita imekata njia, mfumo wa masomo wenyewe umebadilika, na mzazi anaweza kuuza ng'ombe ao kiwanja kwa chuo ambacho mtoto hatamaliza.

Hatutasema hapa ni chuo gani cha kwanza na gani cha mwisho. Orodha za namna hiyo zinazopita kwenye simu hazimsaidii mtu wa Nyabiondo ao wa Mubi. Tutaeleza vyuo hivi vimetoka wapi, vinafundisha nini, na maswali gani ya kuuliza mbele ya kulipa franga ya kwanza. Mawazo yetu tuyaseme kabisa mwanzoni: jina la chuo ni jambo la tatu ao la nne. La kwanza ni kama masomo ya fakulte ile yanafanyika kweli, na la pili ni kama mtoto wako ataweza kukaa pale mpaka mwisho.

Mama na watoto wake

Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, ndicho mama wa vyuo vya serikali vya kwetu. Kilianzishwa mwaka 1963 na makanisa ya Kiprotestanti, kikiitwa Université libre du Congo. Wakati huo Kongo ilikuwa na vyuo vingine viwili tu: Lovanium kule Kinshasa, kilichofunguliwa mwaka 1954, na kile cha Lubumbashi cha mwaka 1956. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyote vitatu kuwa chuo kimoja, UNAZA, na fakulte zikagawanywa kati ya miji mitatu. Ndiyo sababu wazee wetu wengine waliosomea saikolojia na ualimu wa juu walipita Kisangani. Mwaka 1981 vyuo vikatengana tena, kila kimoja na rekta wake.

Kivu yote ilikuwa haina chuo kikuu cha serikali. Mtu wa Masisi alisafiri kwenda Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa, ao aliacha. Mwaka 1993 UNIKIS ilifungua matawi mawili, moja Goma na lingine Bukavu. Matawi hayo yalipata uhuru wake mwaka 2004: la Goma likawa Université de Goma, UNIGOM, na la Bukavu likawa Université officielle de Bukavu, UOB. Upande wa Grand Nord, Butembo nayo ina chuo cha serikali, Université officielle de Ruwenzori.

Hapa watu wanachanganya mara mingi. ULPGL ya Goma (tangu 1985), UCG ya Butembo na Université catholique ya Bukavu (zote mbili tangu 1989) si za serikali. Ni za makanisa. Ni vyuo vyenye jina, na vingine vilikuwa vinafundisha kabla ya UNIGOM kuzaliwa, lakini malipo na usimamizi wake ni mambo mengine. Tena usiwaze kwamba masomo ya juu ya serikali ni chuo kikuu peke yake. Kuna instituti: ISP kwa ualimu, ISTM kwa kazi za afya, ISC kwa biashara, ISTA kwa ufundi, ISDR kwa maendeleo ya vijijini. Familia nyingi zinaziona kama chakula cha masikini. Ni kosa, na tutarudia jambo hili chini.

Lisansi ya leo si lisansi ya baba

Jambo linalowadanganya wazazi zaidi ni neno lisansi. Katika mfumo wa zamani mtoto alisoma miaka 3 ya graduwa, kisha miaka 2 ya lisansi: jumla miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, nchi nzima iliingia katika mfumo wa LMD: lisansi ya miaka 3, masta ya miaka 2, halafu udaktari wa vitabu. Kila mwaka una kredi 60, yaani 30 kwa semesta. Lisansi ni kredi 180, na masta inaongeza 120.

Maana yake ni hii: kijana anayemaliza lisansi leo amesoma miaka sawa na mtu wa graduwa wa zamani. Tangazo la kazi likiomba miaka mitano baada ya diplome ya Eta, lisansi mpya haitoshi, wanataka masta. Na masta haifunguliwi popote. Inahitaji maprofesa wa kuongoza memwari. Chuo ao instituti inaweza kuwa na lisansi nzuri katika fani fulani bila kuwa na masta yake.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa karani wa fakulte liwe hili: katika fani hii, masta iko hapa, imeruhusiwa, na kuna watu walioimaliza? Kama jibu ni hapana, mzazi ajue leo, si baada ya miaka mitatu, kwamba mtoto atalazimika kuhama kwenda Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa, ao kusimama pale. Kusimama kwenye lisansi si aibu. Shida ni kushtukizwa.

Kuna jambo lingine la LMD ambalo wanafunzi wenyewe wanalielewa vibaya. Mwanafunzi anaweza kupanda mwaka wa pili akiwa amebakiza kredi fulani za mwaka wa kwanza, kwa masharti. Wanaita deni. Wengi wanashangilia kwamba wamepita, na wanakuja kujua katika mwaka wa tatu kwamba deni lile halikufa. Mzazi asiulize tu "umepita?" Aulize "umebakiza kredi ngapi?"

Nani anaingia darasani

Ukitaka kujua fakulte, usiangalie ukuta wala rangi ya lango. Angalia majina ya walimu na vyeo vyao. Katika vyuo vya Kongo ngazi zinaanza kwa asistenti, kisha CT, kisha profesa, mpaka profesa odineri ambaye ndiye wa juu. Asistenti anasaidia kwa mazoezi na kazi za mikono. Kozi yenyewe ni ya profesa ao CT. Fani yenye maprofesa wawili na maasistenti kumi na tano inaishi kwa wageni.

Wageni hao tunawajua. Profesa anatoka Kisangani, Kinshasa ao Lubumbashi, anafundisha kozi nzima kwa siku chache, asubuhi mpaka jioni, kisha anarudi kwake. Kati yao kuna walimu wazuri sana. Lakini mwanafunzi anapewa kwa wiki moja chakula cha miezi mitatu, na mgeni asipofika kozi inangojea, mwaka unarefuka, kodi ya nyumba inaendelea. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025, njia waliyozoea wageni wa aina hiyo ilikatika. Ndiyo maana siku hizi fakulte yenye maprofesa wanaokaa palepale mjini ina thamani kuliko ile yenye majina makubwa yanayokaa mbali.

Namna ya kujua ni rahisi. Tafuteni mwanafunzi wa mwaka wa pili, si wa kwanza ambaye bado anafurahi, wala kiongozi wa wanafunzi ambaye ana maneno yake. Mwombe orodha ya kozi za mwaka uliopita na umwulize mambo matatu: ngapi zilifundishwa, ngapi zilikuwa za mgeni, na mwaka ulianza lini ukaisha lini. Kama mwaka mmoja ulichukua miezi kumi na minane, piga hesabu: lisansi ya miaka 3 itakuwa ya miaka 4 na nusu. Pesa za kukaa zitaongezeka nusu, hata kama minervali haikupanda.

Anataka kusomea nini?

Hapa ndipo vyuo vinatofautiana zaidi, na hapa tunaomba mzazi na mtoto wakae pamoja kwa saa moja.

Tuanze na afya, sababu hospitali za Masisi na Walikale tunaziona sote. Ukitaka udaktari, ujue ni njia ndefu kuliko fakulte zingine, na mwisho wake ni kujiandikisha kwenye Ordre ya madaktari; bila hiyo huruhusiwi kutibu. UNIKIS ina fakulte ya udaktari pamoja na kliniki zake za chuo palepale Kisangani. UNIGOM na UOB nazo zinafundisha udaktari. Kule Goma, Hospitali ya Jimbo ni moja ya mahali pa kujifunzia. Swali si "kuna fakulte?" Swali ni: katika miaka ya staji, wanafunzi wangapi wanazunguka kitanda kimoja? Daktari anajifunza kwa kugusa mgonjwa. Mwanafunzi anayesimama mstari wa tano nyuma ya wenzake anajifunza migongo ya watu.

Lakini tuseme na lingine. Katika vijiji vyetu, mtu anayeshika kituo cha afya si daktari, ni muuguzi, yule tunayemwita titileri. Muuguzi A2 ametoka sekondari. A1 alipita ISTM miaka mitatu. A0 aliendelea zaidi. Kwa familia ambayo haina uhakika wa kulipa miaka saba, ISTM ya serikali, ya Goma ao ya Bukavu, inaweza kumpa mtoto kazi mapema, na kazi ile iko kwetu. Ni kweli mshahara wa serikali unachelewa na wengi wanaishi kwa prime. Hata hivyo, wakati shirika kama MSF linapoajiri watu wa kufanya kazi hospitalini, wauguzi ndio wanaotafutwa kwa wingi.

Kwa ualimu, ISP ndiyo nyumba yake. ISP Bukavu ina jina la zamani, hasa katika sayansi, na ISP Goma ni karibu na Masisi. Mwalimu wa hesabu ao wa fizikia ni adimu Walikale. Mkuu wa shule anaweza kuzunguka miezi akimtafuta. Tusifiche upande wa pili: walimu wengi ni N.U., wanafundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali, na tangu masomo ya msingi yalipokuwa bure mwaka 2019, wale wa shule za msingi walipoteza prime ya wazazi. Mtoto anayechagua ISP achague akijua.

Kilimo na misitu ni habari ambayo tunasikitika kuona vijana wanaikimbia. Masisi ni maziwa, fromaji, viazi, maharagi. Walikale ni msitu. Sasa, kama kijana wa Walikale anapenda mambo ya msitu, Kisangani haina mpinzani katika eneo letu. UNIKIS ina fakulte ya sayansi yenye jina kwa elimu ya viumbe, ina kituo cha kuchunguza aina za wanyama na mimea, na ina fakulte ya kusimamia mali ya asili. Kuna pia IFA-Yangambi, instituti ya kilimo ya serikali yenye jina la Yangambi, mji ulio ukingoni mwa mto Kongo karibu kilomita 100 toka Kisangani, ambapo Wabelgiji walianza utafiti wa mimea tangu mwaka 1933. Umoja wa Ulaya pamoja na CIFOR wamefadhili huko mafunzo ya masta na ya udaktari katika mambo ya msitu. Kwa mtoto wa Masisi anayewaza ng'ombe na mashamba ya mlimani, fakulte ya kilimo ya UNIGOM iko karibu na ardhi anayoijua.

Mawe na madini: watu wa Walikale wanaona kasiteriti ikipita kila siku, na tangu mwaka 2019 kampuni ya Alphamin inachimba pale Bisie kwa mashine. Watu wa Masisi wana Rubaya na koltani yake. Lakini vijana wa kwetu wengi wanaingia madini kwa mabega, wachache kwa karatasi. Kwa ufundi wa migodi, jina kubwa ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi na fakulte yake ya politekniki. Mji wenyewe umejengwa juu ya shaba, na Kiswahili kinasemwa pale, hata kama si sawa na chetu. Kwa elimu ya mawe, UOB ina idara ya jiolojia, na watafiti wake wamefanya kazi pamoja na jumba la makumbusho la Tervuren kule Ubelgiji juu ya maporomoko ya udongo. Jambo hilo la udongo kuteremka, mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa.

Sheria na uchumi tutavipita haraka. Vinafundishwa karibu kila mahali, vina wanafunzi wengi kuliko vyote, na ndiyo sababu diplome yake peke yake haitoshi. Anayetaka kuwa wakili ajue kwamba baada ya chuo kuna staji ya miaka 2 kwenye barreau. Kama mtoto anasema "nitafanya sheria" kwa sababu rafiki zake wote wanafanya sheria, mwambie arudi kesho na jibu lingine.

Jina la chuo

Jina lina kazi yake. Mwajiri wa Kinshasa anaijua UNIKIS kuliko instituti iliyofunguliwa juzi katika cité fulani. Lakini jina linachelewa: chuo kinaweza kuwa na sifa ya mwaka 1985 na walimu wa leo waliochoka, ao kuwa kipya na idara moja inayofanya kazi kwelikweli. Sifa ya chuo si sifa ya kila fani yake.

Tena, kwa nchi yetu, jina linaloingia kwanza ni lile la wizara. Diplome ya masomo ya juu inapaswa kuthibitishwa na Wizara ya Elimu ya Juu kule Kinshasa. Wizara imewahi kufunga taasisi zilizoonekana hazifai, na wanafunzi wake walibaki wakihangaika. Kwa hiyo ulizeni watu waliomaliza miaka mitatu ao minne iliyopita: mlipata diplome yenyewe, ao bado mna karatasi ya muda? Kama kundi zima bado linatembea na karatasi ya muda, mmepata jibu.

Hapa hatuingii katika siasa, tunaongea juu ya karatasi. Goma iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu tangu Februari mwaka ule. Walikale-centre ilichukuliwa tarehe 19 Machi 2025, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mabenki ya Goma yalifungwa. Mwanafunzi anayejiandikisha upande mmoja na kutafuta kazi upande mwingine ana haki ya kuuliza, kwa upole lakini wazi: nani atasaini diplome yangu, na Kinshasa itaitambua? Minervali inalipwa wapi, na risiti inatoka kwa jina la nani? Risiti zote zitunzwe, na zipigwe picha kwenye simu, na picha zitumwe kwa mtu mwingine wa familia.

Na jambo moja ambalo watu wanasema chini ya sauti: wapo wanaochagua chuo kwa kuangalia kabila ya rekta ao ya dekani. Rekta anabadilika kwa karatasi moja. Mtoto wako atabaki na fakulte.

Njia, nyumba na tumbo

Masisi-centre mpaka Goma ni karibu kilomita 80, kupitia Sake. Kwa amani, mtoto anaweza kuteremka na gunia la viazi na maharagi, na mwisho wa mwezi mama anatuma lingine. Gunia lile ndilo bursi ya kweli ya wanafunzi wa kwetu, na linahesabiwa. Barabara ikikatwa, mwanafunzi ananunua kila kitu sokoni kwa bei ya mji. Toka Walikale, habari ni nyingine. Kuteremka Goma kwa barabara ya Nyabiondo ni mateso hata wakati wa amani. Wengine walizoea ndege ndogo, zile zinazotua juu ya barabara pale Kilambo. Kisangani ni karibu kilomita 400 kupitia Lubutu. Ni mbali, lakini kwa mtu wa upande wa magharibi wa teritware, mara nyingine ni njia inayopitika kuliko ya Goma. Pima kwa siku na kwa bei, usipime kwa ramani.

Nyumba ndiyo inayokula pesa. Goma kodi inaombwa kwa dola, na mwenye nyumba anataka garantie ya miezi kadhaa kabla hajatoa ufunguo. Wanafunzi wengi wanajikusanya wawili ao watatu chumba kimoja, Ndosho, Katindo, Mabanga. Kuna mitaa ambapo maji yanakuja na bidon juu ya mgongo ao juu ya tshukudu, na ukumbuke mji uko chini ya Nyiragongo: lava iliingia mjini mwaka 2002, na ikashuka tena Mei 2021 mpaka karibu na uwanja wa ndege. Kisangani ina homu za wanafunzi, lakini nafasi ni chache na hali yake uiangalie kwa macho yako, usiambiwe. Mji ni wa joto, malaria ni nyingi kwa mtu aliyekulia baridi ya Masisi, na nje ya darasa atasikia Kilingala na Kiswahili pamoja. Bukavu imebanana, milima na nyumba zimepandana, na kupata chumba karibu na chuo ni kazi.

Kabla ya kuamua, andikeni kwenye karatasi moja: minervali, kujiandikisha, nyumba pamoja na garantie, chakula, njia ya kwenda na kurudi, silabusi, staji, na memwari ya mwisho. Kisha zidisheni kwa miaka ya kweli, si miaka ya kwenye karatasi. Tumeona familia zilizopata minervali ya mwaka wa kwanza kwa furaha, zikakwama kwa pesa za staji ya mwaka wa tatu. Mtoto aliyeachia njiani katika mwaka wa tatu amepoteza zaidi ya yule aliyechagua instituti ya bei ndogo akamaliza.

Kwa wasichana tuongeze neno, na akina mama watusamehe kulisema kwenye redio. Ugonjwa wa pointi za kitanda upo katika masomo ya juu ya nchi hii, na kila mtu anaujua kwa jina lake la Kifaransa la utani. Mzazi anayekataa kulizungumza anamtuma binti yake peke yake. Ulizeni wasichana waliotangulia: mtihani unasahihishwa namna gani, mwanafunzi anaweza kuomba kuona karatasi yake, kuna ofisi ya kupeleka malalamiko, na aliyelalamika alifanywa nini baadaye? Chumba kiwe karibu na chuo ikiwezekana, hata kama ni kidogo, ili asirudi usiku kwa mguu. Mara mingi mitualite ya wanafunzi wa teritware inasaidia kwa hilo: inajua nyumba zipi ni salama na wenye nyumba gani ni watu. Itafuteni mbele ya kufika, si baada ya mizigo kushuka.

Karatasi zilizopotea

Familia nyingi zilikimbia bila kitu, na karatasi za shule zilibaki kwenye nyumba iliyochomwa ao katika kambi zilizovunjwa karibu na Goma. Hilo halifungi mlango. Kila aliyefanya Exetat ana kodi ya tarakimu 14. Kwa kodi hiyo, ao kwa jina pamoja na shule na mwaka, matokeo yanaweza kutafutwa katika palmares. Bulletin zinaweza kuombwa upya kwa shule, hata kama shule yenyewe imehamia pahali pengine; mkuu wa shule mara mingi alikimbia na madaftari yake. Anzeni mapema, sababu ofisi inayotoa karatasi inaweza kuwa upande mwingine wa barabara iliyofungwa.

Fakulte nyingine zinapima waombaji kwa asilimia ya Exetat, nyingine zinafanya testi. Aliyepata 52 na anataka udaktari aulize masharti kwanza, mbele ya kulipa fomu. Na seksiyo aliyosoma sekondari inaangaliwa: mtu wa komersiali anayeingia sayansi atapambana na kemia tangu wiki ya kwanza, na mwaka wa maandalizi, kama chuo kinao, ni mwaka wa kulipa pia. Mnapopiga simu chuoni kuuliza haya yote, pigeni asubuhi, na mwombeni karani aseme jina la ofisi yake. Nambari zinazozunguka kwenye WhatsApp zikiahidi nafasi kwa pesa za Airtel ao M-Pesa si za chuo chochote.